Blur na Oasis 1995: ushindi wa CD mbili ni ushindi kweli?

Mzee wa Kaseti
Wakuu habari zenu, huu ubishi tuumalize leo maana kwenye magrupu watu wanarushiana maneno tu data hamna. Kwa ambao hamkuwepo, Agosti 14, 1995 bendi mbili za rock zilizokuwa zinawika Uingereza zilitoa singo siku moja. Oasis na Roll With It, Blur na Country House. Na wala haikuwa bahati mbaya, Blur ndo waliosogeza tarehe yao wakawafuata wenzao. Basi ikawa dabi ya Simba na Yanga, Oasis watoto wa mtaani Manchester na Blur hawa wa chuo cha sanaa London, mpaka taarifa ya habari ya BBC ikatangaza. Matokeo: Blur kopi 274,000, Oasis 216,000.

Sasa mimi ule ushindi siutambui. Blur walitoa CD mbili tofauti za singo ile ile, ya pili ina laivu za shoo yao ya Mile End, sasa shabiki mwenye mapenzi yake anafanyaje, anabeba zote, na kwenye chati zinahesabika mbili. Mtu mmoja kura mbili jamani! Sheria iliruhusu sikatai, ila msiniambie wimbo wao ndo ulipendwa zaidi.

Gitaa Bovu
Mkuu punguza machozi. Oasis nani aliwakataza kutoa mbili? Mchezo una sheria zake, wenzenu walizisoma. Halafu tuseme ukweli, zile nyimbo zote mbili za kawaida sana, hakuna kazi bora ya bendi yoyote pale.

Mama Vinili
Hiyo wiki moja mnaishikilia ya nini? Oktoba mwaka ule ule albamu ya Oasis, Morning Glory, imetoka, kopi 347,000 wiki ya kwanza Uingereza peke yake. Agosti 1996 Oasis wakapiga shoo Knebworth, Uingereza, siku mbili, watu 250,000, na walioomba tiketi ni zaidi ya milioni 2. Kesi imefungwa hiyo.

Pedi Moto
Imefungwa na nani? Mimi hizo albamu sizijui, ila Song 2 ya Blur naijua tangu gemu la mpira la FIFA 98, unawasha tu kompyuta, "woo-hoo!", na tulikuwa hatujui hata anayeimba ni nani. Dakika 2 na sekunde 2, imekwisha. Na cheki hii, Song 2 iliishia namba 2 Uingereza. Wonderwall ya Oasis namba 2. Roll With It yenyewe namba 2. Kwa hiyo mnaogombania namba moja mnagombania nini hasa?

Dada wa Tanga
Kuna kitu mnakiruka. Mwaka ule ule Noel Gallagher, mpiga gitaa wa Oasis, akihojiwa na gazeti aliwatakia Damon Albarn, mwimbaji wa Blur, na Alex James wa bendi hiyo hiyo wapate Ukimwi. Aliomba radhi baadaye sawa, lakini 1995 huku kwetu watu tunazika, mwenzetu anautania. Mimi hapo ndo Oasis walinitoka. Damon angalau 2011 alienda Kinshasa akarekodi albamu nzima na wanamuziki wa kule.

Mzee wa Kaseti
Dada hilo la Noel halina utetezi, sigusi. Ila tabia ni mada nyingine, mi nauliza hesabu. Gitaa Bovu hujanijibu bado, mtu mmoja akinunua mara mbili, wapenzi wa wimbo ni wangapi?

Gitaa Bovu
Mmoja. Lakini katoa hela mara mbili mzee, na chati ni ya mauzo, haijawahi kupima mapenzi. Wenyewe wala hawakununiana kama nyie, Alex James alipanda kwenye kipindi cha muziki cha BBC, Top of the Pops, kupiga Country House kavaa tisheti ya Oasis! Na 2017 Noel kaimba kwenye wimbo wa Gorillaz, bendi ya Damon huyo huyo.

Mama Vinili
Ile tisheti ilikuwa kejeli, usitupambie.

Pedi Moto
Na Pulp mmewasahau, bendi nyingine ya Uingereza. Wimbo wao Common People, 1995 hiyo hiyo, namba 2. Waliowazibia ni Robson na Jerome, waigizaji wa tamthilia ya wanajeshi wakiimba nyimbo za zamani, na hao hao ndo wakaja kuizibia Wonderwall. Kama chati ndo hakimu, si tuwape wao taji basi?