Padi ya gemu ya USB kwa Linux, gari linavuta kushoto lenyewe

kondele_mint:
Wadau habari zenu. Nina laptopu ya kitambo yenye Linux Mint, nikanunua padi mbili za USB hapa Kondele ndio watoto wa dadangu wacheze gemu ya magari hii likizo. Moja iko sawa, ya pili gari linavuta kushoto hata kama hakuna mtu ameshika kijiti, kila mbio mdogo anaishia kwa ukuta mpaka analia. Niliingiza `sudo apt install joystick`, kwa jstest (inaonyesha namba za kijiti) nikaona kweli kijiti hakirudi sifuri, nikakalibreti, yaani nikaweka katikati upya, na `jscal -c /dev/input/js0` na sasa jstest inaonyesha sifuri safi lakini ndani ya gemu bado ni kushoto tu. Nimebadilisha hadi tundu la USB. Nimekosea wapi?

nakuru_section58:
Kwanza angalia kitufe cha ANALOG hapo katikati, taa ikizima kijiti kinafanya kama mishale tu.

kondele_mint:
Taa inawaka boss, hiyo nilianza nayo.

wa_kakamega:
Umekalibreti mahali gemu haisomi. Kerneli (kiini cha Linux) inatoa padi moja kwa njia mbili, ile ya zamani `/dev/input/js0` na ile mpya `/dev/input/event` na namba yake. jscal inagusa js peke yake, na gemu nyingi siku hizi zinatumia SDL2 (programu ya kati inayosomea gemu padi) ambayo inasoma event, ndio maana jstest inakuambia sawa na gemu inakataa.

Chomoa ile padi nzuri kwanza, maana padi mbili za aina moja mara nyingi zinagongana jina. Halafu `ls /dev/input/by-id`, chukua jina linaloishia na `-event-joystick`, piga `evdev-joystick --showcal` na hiyo njia yote. Padi za bei hii kawaida zinasoma 0 mpaka 255 kwa hivyo katikati ni 127 au 128. Tuseme yako imetulia 110, basi:

`sudo evdev-joystick --evdev /dev/input/by-id/JINA --axis 0 --deadzone 25`

Hapo umeiambia ipuuze 25 kila upande wa katikati. Usizidishe sana, usukani utakuwa mzito kushika kona. Na hapa ndipo wengi wanakwama: SDL kwa kawaida haijali hiyo 25, lazima uanzishe gemu kwa terminali na `SDL_LINUX_JOYSTICK_DEADZONES=1` mbele ya jina lake. Ukichomoa padi unarudia ile amri ya deadzone.

kondele_mint:
Imekubali! Ilikuwa inakaa 112, nimeweka 20 na gari linanyooka. Asante sana ndugu yangu, watoto wako hapa wanapiga kelele. Amri zote mbili nimeziweka kwa faili moja niwe nabonyeza tu.

nakuru_section58:
Hiyo 112 ikiendelea kushuka fungua padi usafishe chini ya kijiti na brashi kavu, vumbi likijaa kwa potensiometa (ile sehemu inayopima kijiti) utakuwa unaongeza hiyo 20 yako kila wiki.

kondele_mint:
Sawa, Jumamosi naifungua.