MGB yangu imekatwa kwa grinda kabla mtu hajashika futi ya kupimia. Mafundi wa kubadili injini, mnatuumiza!

Wakuu, nimevumilia miezi tisa. Leo naandika.

Nina MGB ya 1971, gari dogo la michezo la Uingereza, ya wazi, yenye bampa za kromu. Niliichukua ikiwa imelala chini ya turubai miaka kumi na moja. Panya walishafanya kiota kwenye kiti cha dereva, tairi zimepasuka ubavuni, klachi imegandana, petroli tangini imekuwa kama gundi. Hayo yote niliyaona kabla ya kutoa pesa, kwa hiyo aliyeniuzia sina neno naye. Hasira yangu ni kwa gereji niliyoipelekea, na kwa kila anayewaambia wenzake kwamba gari kama hili ukilikuta limechoka, "weka V8 tu, inaingia yenyewe."

V8, yaani injini ya silinda nane, haiingii yenyewe. Tena mnaoandika hivyo mnajua haiingii yenyewe, kwa sababu zenu mlizihangaikia miaka.

Siku ya kwanza fundi mkuu alifungua boneti, akatazama kidogo, akaniuliza nina bajeti ya kiasi gani. Hakulala chini ya gari. Hakuinua zulia. Alitia spana kwenye boliti ya puli, akajaribu kuzungusha, ikagoma. Akasema, "Imenoki hii, tunashusha." Hiyo ndiyo hukumu injini yangu iliyopata.

Injini iliyokaa miaka kumi na moja ikigoma kuzunguka haina maana imekufa. Mara nyingi ringi zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyembamba. Unatoa plagi, unamimina mafuta mepesi kila silinda, unaacha siku kadhaa, unarudi unajaribu taratibu mbele na nyuma bila kulazimisha. Ikiachia unapima kompresheni, ndipo unaongea. Hiyo injini ya MGB, B-series ya silinda nne ya 1798 cc, ni chuma kigumu, na tangu mwishoni mwa 1964 ilipewa beringi kuu tano badala ya tatu. Pengine yangu ilikuwa imekufa kweli. Sitajua kamwe, kwa sababu waliifungua bila kuniita, bloku wakaiuza chuma chakavu, na mimi nikakabidhiwa silinda hedi na kabureta mbili za SU ndani ya kiroba. Bloku yenye namba yake, iliyotoka na gari kiwandani, imeyeyushwa. Nilipouliza, jibu lilikuwa, "Si unaweka V8, ya kazi gani?"

Ya kazi gani! Ni mali yangu. Hiyo peke yake ingetosha kuniudhi, lakini endeleeni kusoma.

Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba kiwanda chenyewe kilifanya. Ni kweli, sibishi. Mwaka 1973 Abingdon, kiwanda cha MG kule Uingereza, walianza kutoa MGB GT V8 yenye injini ya Rover ya 3,528 cc, nguvu farasi 137 dhidi ya kama 95 za silinda nne, na mpaka wanaacha mwaka 1976 zilikuwa zimetoka 2,591. Kabla yao Ken Costello, fundi wa Uingereza, alishaanza kuziunda na kuziuza MGB zenye V8. Hata uzito hauna ubaya: V8 ile ni ya alumini, asili yake ni Buick ya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na haizidi uzito wa ile ya silinda nne ya chuma. Iliyobebeshwa chuma kizito puani ni MGC, ndugu yake yenye silinda sita, ya 1967 hadi 1969, na watu waliilalamikia sana jinsi inavyokata kona.

Sasa tazameni wanachokiacha wanapotaja kiwanda. Zile 2,591 zote ni GT. Zina paa la chuma. Kiwanda hakikuuza MGB ya wazi yenye V8. Mtu aliyeitaka alisubiri hadi MG RV8 ya 1993, nayo ilijengwa juu ya bodi mpya kabisa. Tena hiyo GT ya 1973 haikuwa bodi ileile iliyotumbukizwa injini kubwa. Ukuta unaotenganisha injini na abiria ulibadilishwa, kuta za pembeni zikabadilishwa, difu (gia za ekseli ya nyuma) ikabadilishwa, diski za breki za mbele zikawa nene zaidi, rejeta ikasogezwa mbele na kupewa feni mbili za umeme. Kiwanda kilipima, kikachora, ndipo kikakata. Gereji yangu ilikata.

MGB haina chesisi ya kujitegemea kama Triumph Spitfire au TR6. Bodi ndiyo chesisi. Kwenye gari la wazi, uti wa mgongo ni vizingiti viwili vilivyo chini ya milango pamoja na handaki la katikati linalopitisha propela shafti. Kila kizingiti kimeundwa kwa mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja ili kiwe sanduku lililofungwa, na kutu huanzia ndani ya hilo sanduku. Kwa nje unaona rangi inang'aa.

Vya kwangu vilikuwa vinang'aa. Mwezi wa pili, injini imeshafika gereji, nilikwenda jioni moja kuangalia kazi imefikia wapi. Nikachukua bisibisi nikawa nagonga kizingiti cha kushoto kwa mpini, kuanzia mbele kurudi nyuma. Mbele kililia kama bati. Nilipofika katikati ya mlango mlio ukafa, ukawa kama nagonga mbao iliyolowa. Nikageuza bisibisi nikaisukuma kwa kiganja tu. Ilizama mpaka mpini. Nilipoichomoa ilitoka na unga wa puti na kipande cha gazeti kilicholoana, bado kina herufi. Nikaenda upande wa pili, hali ileile. Nikaweka jeki pale kwenye sehemu yake ya kuinulia, nikapandisha kidogo tu: mwanya wa mlango ukabadilika mbele ya macho yangu, na mlango niliokuwa naufunga kwa kidole ukakataa kushika. Yaani gari linajikunja. Watu walikuwa tayari kulifunga injini yenye msokoto wa zaidi ya Nm 260 mahali palipokuwa na kama Nm 150, ndani ya bodi inayojikunja kwa jeki.

Nikainua na zulia la nyuma ya viti. Gari za umri huu zina betri mbili za volti 6 kule nyuma, chini ya sakafu, kila moja kwenye sanduku lake. Sanduku moja halikuwa na kitako. Betri ilikuwa imeshikiliwa na waya.

Niliwaita nikawaonyesha. Fundi mkuu akasema bodi "tutaipiga mwishoni, injini ikishakaa." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawa watu mpango hawana. Huwezi kuchomelea vizingiti vya gari la wazi injini ikiwa imekaa halafu ukategemea bodi ibaki imenyooka. Inatakiwa gari likae sawa kwenye stendi, ufunge nondo kwenye uwazi wa mlango kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma ili isifungue wala kufunga, kisha ukate upande mmoja, uchomelee, uujaribie mlango, ndipo uhamie wa pili. Usipofanya hivyo unaifungia bodi kupinda kwake kwa maisha yote. Na vipimo vyote vya injini ulivyochukua kabla ya hapo vinakuwa takataka, kwa sababu mahali ulipopimia pamehama.

Kukata kwenyewe kulifanyika siku ambayo sikuwepo. Waliitundika V8 kwenye kreni, ikashuka, silinda hedi zikagusa pembe mbili za ukuta wa nyuma ya injini, ule unaoitenganisha na abiria. Wakachukua grinda wakazimega. Hakuna aliyejaribu kuisogeza mbele. Hakuna aliyetengeneza mauntingi (mashikio ya injini) za muda za kujaribia. Hata bloku tupu hawakutumia. Waliitundika injini nzima na manifoldi zake, nzito, inayobembea, halafu wakawa wanakata kuifuata inapobembea. Matundu mawili yenye ukubwa wa kiganja changu, kingo zake zimechakaa kama zimeng'atwa.

Halafu shafti ya usukani. Wakuu, hapa ndipo damu yangu ilipochemka. Manifoldi ya ekzosi ya kulia ilikaa imegusana na shafti ya usukani. Sio karibu, imegusana. Niliona alama kwenye shafti, mkwaruzo mpya unaong'aa, upana wa ukucha. Na hiyo injini ikiwashwa hutikisika kwenye raba zake, na manifoldi hupata joto kali. Nilipowaonyesha, mmoja akasema ataisaga kidogo. Nikamuuliza asage nini, manifoldi au shafti? Akasema shafti. Alitaka kupunguza unene wa chuma kinachopeleka mikono ya dereva kwenye magurudumu! Njia ipo na inajulikana miaka mingi: manifoldi za mtindo wa RV8, zinazopita kwenye tundu la ukuta wa pembeni badala ya kushuka ndani. Lakini hilo tundu unalipanga mapema, kabla hujachagua mauntingi, kabla ya kitu kingine chochote.

Difu nayo niliuliza mimi mwenyewe, wao hawakuitaja. Yangu ni ya uwiano wa 3.909. Kwa tairi zangu za 165 za inchi 14 na gia ya nne isiyo na ovadraivu, kwenye kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu mara 3,400 kwa dakika. Difu ya V8 ya kiwanda ni 3.07, inakuleta karibu 2,700. Kwa hiyo ukiacha difu ya zamani umenunua V8 ya kupiga kelele, na gia ya kwanza inaisha kabla hujavuka makutano. Hili ni suala la karatasi na kalamu, dakika tano. Gia boksi walisema ya zamani itatosha, sahani ya kuiunganisha na injini "watachonga." Kiwanda kiliiimarisha gia boksi ile kwa ajili ya V8 na bado wenye magari hayo wanajua ni sehemu dhaifu. Waya sitaki hata kuanza. Taa kubwa za MGB hazina fyuzi tangu kiwandani, na wao walitaka feni mbili za umeme wazidandie waya zilezile za miaka hamsini.

Najua mtu atakuja hapa kusema ningeweka ya Mazda MX-5 au injini nyingine ya kisasa yenye sindano za mafuta. Ni nyepesi, inakuja na gia tano, ni chaguo zuri. Lakini nayo ina sampu yake (bakuli la oili chini ya injini) inayotaka kugombana na boriti ya mbele, ina kompyuta na waya zake, inataka pampu ya shinikizo na bomba la kurudisha mafuta tangini. Kubadili jina la injini hakumbadilishi fundi asiyepima. Angeniharibia gari vilevile.

Nimeliondoa gari pale. Sehemu ya pesa yangu wamekataa kurudisha, wanasema "kazi imefanyika." Kazi gani? Matundu mawili ndiyo kazi?

Injini nimeishusha mwenyewe na iko kwenye stendi imefunikwa. Haitagusa hilo gari mpaka vizingiti, sakafu na masanduku ya betri yaishe, na ukuta uliokatwa uzibwe kwa bati la unene uleule, lililochomelewa vizuri. Nimeshafunga nondo kwenye mlango wa kushoto. Baada ya hapo nitatumia bloku tupu na silinda hedi tu, nipange shafti ya usukani kwanza, kisha sampu, kisha rejeta, na urefu wa kabureta nitaupima kwa madonge ya udongo laini juu yake: unafunga boneti polepole, unafungua, unapima unene uliobaki. Sitaki tundu la tatu kwenye gari langu.

Ninachoomba kwa wenye MGB ya bampa za kromu yenye usukani wa kulia na V8 ya Rover ambayo kweli inatembea: niwekeeni hapa milimita mlizonazo kati ya manifoldi na shafti ya usukani, injini ikiwa ya moto, na aina ya manifoldi mliyotumia. Picha za ukuta wa nyuma pia, kabla na baada. Waliokuja kuandika "inaingia yenyewe" naomba wapite, au waandike na wao hizo milimita.