Corolla NZE121: kioo kinashuka lakini hakipandi, fundi anasema ni mota

Dala_Msafiri, Kisumu
Wadau, habari zenu. Gari ni Corolla NZE121 ya 2004. Kioo cha nyuma kushoto kinashuka vizuri, kwa swichi ya dereva na kwa swichi ya mlango wenyewe. Kupanda kimekataa kote kuwili. Cha mbele kushoto kinapanda kwa kujikokota, kikifika nusu kinasimama. Cha dereva hakina shida, na kitufe cha kufunga vioo hakijabonyezwa. Fundi anataka ninunue mota mbili. Gari linalala nje na mvua za jioni ndizo hizi. Nianzie wapi?

FundiWaya_Nakuru
Ndugu, pesa ya mota iweke kwanza. Mota ya kioo ina waya mbili za umeme: ukibadilishana chanya na ethi (upande hasi, unaorudi kwenye bodi na betri), inazunguka upande wa pili. Mota inayoshusha vizuri ni nadra sana iwe imekufa upande wa kupandisha peke yake. Fyuzi nayo ingekuwa imeungua, vioo visingefanya kazi hata kushuka.

Giza likiingia, zima injini, acha ufunguo kwenye ON, washa taa ya ndani. Bonyeza kupandisha huku ukiitazama taa. Ikififia kidogo, mota inapata umeme na kioo kimebanwa. Isipotikisika kabisa, umeme haupiti.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi hupotea. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, swichi za milango mingine hazina ethi yake zenyewe. Zinaipata kupitia swichi kuu ya dereva, na ndiyo maana kitufe cha kufunga kinazinyamazisha zote: kinakata ethi hiyo. Kwako kushuka kunakubali kwa swichi zote mbili, kwa hiyo waya ni wazima. Kupanda kunakataa kwa zote mbili. Kama taa haififii, mahali pamoja panapobaki ni ndani ya swichi kuu: kibati cha shaba ambacho kinapaswa kukaa kwenye ethi swichi ikiwa imepumzika kimeshika masizi.

Hakikisha kwa mita. Zima ufunguo, chomoa swichi kuu, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Bila kubonyeza chochote, na kitufe cha kufunga kikiwa hakijabonyezwa, pima kutoka pini ya ethi hadi kila moja ya pini mbili za kioo hicho. Zote zisome karibu na 0.

Isiposoma hivyo, fungua swichi hiyo juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu springi ndogo zilizomo huruka. Sugua kibati kwa msasa namba 1000 au laini zaidi, mara mbili tatu tu, kisha spiriti, iache ikauke. Ukisugua sana utamaliza shaba, na kibati kilichokwisha shaba hakina dawa, ni kununua swichi nyingine.

Dala_Msafiri
Taa haikufifia hata kidogo. Mita: pini moja 0.3, nyingine ilirukaruka kwenye 40 na wakati mwingine haikusoma kabisa. Baada ya kusafisha zote mbili zinasoma 0.3 na kioo cha nyuma kinapanda. Asante sana, fundi. Cha mbele bado kinajikokota. Betri inasoma volti 12.4, na kwenye soketi ya mota, ikiwa imechomekwa na ninabonyeza, napata 11.7.

Mulembe254, Kakamega
Umefanya vyema kupima mota ikiwa imechomekwa. Soketi ikiwa tupu, hata waya uliobaki uzi mmoja utakusomea 12 na kukudanganya. Kupoteza 0.7 si shida. Ingekuwa 9 ningekuambia ukague waya kwenye raba ya mkunjo kati ya mlango na bodi, maana hukatikia ndani ya ganda bila kuonekana.

Kwako ni raba za mfereji wa kioo. Vumbi la murram likikutana na maji huganda humo kama udongo wa kufinyanga. Funga kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye rula nyembamba, pitisha mifereji yote miwili hadi chini, rudia mpaka kitoke safi. Ikikauka, nyunyizia silikoni. Tafadhali usiweke oili ya injini wala grisi: raba itavimba na vumbi litanasa zaidi. Na kusimama katikati usikuogopeshe. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani, zikielemewa zinajikata, zikipoa dakika chache zinarudi.

Wakati mvua inakukuta hujamaliza, mtu mmoja abonyeze, mwingine abane kioo kwa viganja pande zote mbili na kukisukuma juu.

Wa_Section58
Ikibidi kufungua mlango baada ya hapo, bandika kioo kwa selotepu pana juu ya fremu kabla ya kugusa bolti. Mashine ya kioo ya aina ya mkasi ina springi nzito. Ukitoa mota bila kuufunga mkono wa mashine hiyo kwa bolti, unaruka na kuvunja vidole. Mota ya kushoto na ya kulia ni tofauti, na ya kutoka Japani ijaribu kwa betri pale pale dukani, pande zote mbili, kabla hujalipa.

FundiWaya_Nakuru
Naongeza: ile karatasi ya nailoni nyuma ya paneli irudishwe na gundi yake nyeusi bila pengo, la sivyo maji yataingia kwenye zulia. Zibua pia matundu ya chini ya mlango kwa kijiti. Hapo ukimwaga kikombe cha maji kwenye kioo, yatoke chini ndani ya dakika moja.