Cheti cha siku moja kitanitosha kuunganisha mota ya pampu ya spiriti?

StimaWinam: Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi stima, leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) ninayo. Nimeitwa kiwanda kimoja upande huu wa Kisumu kuunganisha mota ya pampu ya spiriti (ethanoli), mahali palipoandikwa Zoni 1. Wanataka cheti cha kufanya kazi penye mvuke unaolipuka. Nimeona kozi ya mtandaoni, siku moja, shilingi 4,500. Kibali kinasainiwa kesho kutwa asubuhi. Nitapita au nitarudishwa getini? Usingizi umenipaa.

Fuse_Baridi: Kozi ya siku moja hukufumbua macho tu. Utajua kwamba Zoni 0 ni pale mvuke upo muda mrefu, kama ndani ya tangi. Zoni 1 ni pale hutokea kazi ikiendelea kama kawaida. Zoni 2 ni kwa nadra na kwa muda mfupi. Umahiri wa kufunga na kukagua vifaa ni habari nyingine. Mafunzo na mtihani wa CompEx, moduli Ex01 hadi Ex04 za umeme penye gesi inayolipuka, kwa kawaida huchukua siku tano, na mtahini anakusimamia kichwani ukifunga glandi (kibanio cha kebo inapoingia kwenye kifaa) na kusaka kasoro zilizopandikizwa makusudi. Cheti hudumu miaka 5. IECEx, mfumo wa kimataifa wa vyeti vya maeneo hayo, nao hutoa cha kwao, na mtu yeyote anaweza kukihakiki kwenye orodha yao ya wazi. Leseni ya EPRA haizibi pengo hilo.

Halafu cheti si idhini. Idhini huandikwa na mwenye kiwanda: nani, sehemu gani, kazi ipi, mpaka lini. Sheria ya usalama na afya kazini, OSHA ya 2007, inamdai mwajiri atoe kibali cha kazi za hatari, kwa hiyo usikubali wakutupie wewe mzigo huo.

MamaPima: Vijana mnapenda pesa kuliko roho. Sachangwan mwaka 2009 waliangamia zaidi ya watu 100. Waulizeni walipata faida gani.

Kondele_Volti: Mama, wale walikuwa wakichota petroli kwenye lori lililoanguka. Hapa ni kiwandani. StimaWinam, mota ilitolewa kwa nini?

StimaWinam: Shida kidogo ya waya. Imeshatengenezwa.

Kondele_Volti: Na nani?

StimaWinam: Jamani, nimeuliza cheti.

Kondele_Volti: Nami nimeuliza mota.

StimaWinam: Haya. Iliungua, ikasukwa waya upya na fundi wa jua kali, mtu anayeaminika. Nyuso za kifuniko zilikuwa na kutu, akazipiga msasa, akapaka silikoni nyekundu maji yasiingie. Iko vizuri kuliko mwanzo. Jana supavaiza aliweka kipima gesi juu yake, silikoni bado inanuka siki, kikasoma sifuri mara mbili. Hatari iko wapi? Kozi nimeshailipia, na nimekubali kusaini kama msimamizi wa kazi. Kukataa sasa ni kuachia mwingine mkate.

Fuse_Baridi: Hapo ndipo penye ugonjwa.

Mota ya Ex d, yaani yenye mwili wa kustahimili mlipuko wa ndani, haizuii mvuke kuingia. Inakubali mlipuko utokee tumboni mwake, kisha gesi moto inatoka kwenye upenyo mwembamba kati ya nyuso mbili za chuma, inapoa njiani, na inafika nje bila nguvu ya kuwasha mvuke uliopo. Upenyo huo hupimwa kwa visehemu vya milimita. Msasa umekula chuma, upenyo umepanuka. Silikoni ikikauka inaweza kuzitenganisha nyuso zaidi, na ile inayonuka siki inatafuna chuma. Kinachoruhusiwa ni grisi isiyokauka, ile aliyoitaja mtengenezaji. Boliti zote zirudi, za daraja lile lile.

Na ile sifuri yenu haina maana. Kihisi cha aina ya kichocheo, kile kinachounguza gesi kidogo ili kuipima, hutiwa sumu na mvuke wa silikoni. Kinaendelea kuonyesha sifuri hata pakiwa na gesi. Kipulizieni gesi ya majaribio yenye kiwango kinachojulikana. Kisipopanda na kulia, kitupeni kando. Kama kilisawazishwa kwa methani, ethanoli kitaisoma pungufu, hivyo tumieni kizidishi cha mtengenezaji. Ethanoli huanza kuwaka ikifika 3.3% ya hewa. Asilimia 10 ya kiwango hicho ni sehemu 3,300 kwa milioni. Mvuke wake ni mzito mara 1.6 kuliko hewa, basi pimeni chini kwenye mfereji na shimo la pampu, si juu ya mota peke yake.

Lakeside_Msema: Hadithi ya kutunga hii. Kaanza na bei ya kozi, ghafla kashalipa, kesho ataleta linki. Broka wa vyeti huyo! Fundi mwenye leseni asiijue mota yake?

Jeneretaa: Akileta linki, aniongezee na cheti cha ndoa.

StimaWinam: Broka ni nani? Bamba la mota linasema: Ex db eb IIB T3 Gb. Haya, nimelitunga?

Kondele_Volti: Hilo bamba linaeleweka. Mwili ni db, ile Ex d aliyoeleza Fuse; kisanduku cha nyaya ni eb, yaani kimeundwa kisitoe cheche. IIB ni kundi la gesi, inatosha kwa ethanoli. T3 ni joto la uso lisilozidi nyuzi 200, nayo ethanoli huwaka yenyewe karibu na 363. Gb ni kiwango cha ulinzi, inafaa Zoni 1. Mota ilikuwa sahihi ilipotoka kiwandani. Baada ya kusukwa bila kufuata IEC 60079-19, kiwango cha kimataifa cha kukarabati vifaa hivi, bamba hilo halisemi kweli tena.

Lakeside_Msema: Basi nanyamaza hapo, broka hawezi kulijua bamba.

StimaWinam: Supavaiza amesema tukifika tuanze tu. Glandi nimeshanunua, za shaba, IP68. Hizo angalau?

Fuse_Baridi: IP68 ni maji na vumbi tu. Kwenye eb unataka glandi yenye cheti cha Ex eb, saizi ya kebo yako, na kila tundu lisilotumika lizibwe kwa plagi yenye cheti, si ile ya plastiki. Ila usifunge chochote kwenye mota hiyo. Andika kwenye fomu ya kibali: "mota haina rekodi ya ukarabati, kipima gesi hakijajaribiwa", uirudishe bila sahihi. Waulize mota ya akiba.

StimaWinam: Ya akiba ipo stoo. Lakini haina bamba.