Mjadala: Barry Sanders aliiacha Detroit kwenye mataa, au Detroit ndiyo iliyomwacha?

Bwana Mizani
Wakuu, heshima kwenu. Nina swali moja tu. Julai 1999, kambi ya mazoezi inakaribia kufunguliwa, Barry Sanders, mkimbiaji mbeba mpira wa Detroit Lions kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, akatuma faksi kwa gazeti la kwao Wichita, Kansas: nimestaafu. Hakuitisha waandishi, hakumpigia kocha Bobby Ross, akapanda ndege akaenda London. Ndiyo kwanza ametimiza miaka 31. Alibakiza yadi 1,457 kuifikia rekodi ya ligi ya kukimbia na mpira, ya Walter Payton, yadi 16,726, na msimu uliokuwa umepita peke yake alikimbia 1,491. Maana yake angecheza mwaka mmoja tu angekuwa juu ya wote. Tena alikuwa na mkataba wa miaka sita aliousaini 1997, na dau la kusaini la dola milioni 11 lilishaingia mfukoni.

Mimi nasema aliwaacha wenzake kwenye mataa. Muungwana humaliza kazi aliyokwisha kulipwa. Na msije na ile hadithi kwamba alikuwa mnyenyekevu asiyejali rekodi. Hata mwaka wake wa kwanza, 1989, alimwachia yule Mnigeria wa Kansas City taji la ukimbiaji kwa tofauti ya yadi 10, tukaambiwa ni unyenyekevu. Mie naona ni tabia yake ya kuondoka kabla ya filimbi.

Karibuni. Tujibu kwa hoja.

Kitasa
Mkuu, hicho "kumaliza kazi" unakielewa? Mikataba ya NFL karibu yote inaibana shingo ya mchezaji, si ya timu. Goti likienda, wanakutema, na mshahara wa miaka iliyobaki unayeyuka. Hata manamba wa mkonge Tanga alijua kipande chake kinaisha lini. Halafu hilo dau unalolilia, Lions walimpeleka kwa msuluhishi na akaamriwa arudishe sehemu yake. Hakuiba kitu.

Jiulize Detroit ilimpa nini kwa misimu 10. Mlinzi wa mbele mzuri, wa kumfungulia mkimbiaji njia, akipatikana, wanamwachia. Lomas Brown kaondoka, Kevin Glover kaondoka, hata mkabaji Spielman kaondoka. Ushindi mmoja wa mtoano muda wote huo, ule wa Januari 1992 walipoichapa Dallas 38-6. Mwaka 1998 wakamaliza na ushindi 5, vipigo 11. Unataka abaki afanye nini?

Mjomba wa Kansas
Bwana Mizani, "yule Mnigeria" ana jina. Anaitwa Christian Okoye, na hakuachiwa kitu na mtu yeyote. Yadi 1,480 alizikimbia kwa miguu yake. Mtu kaja Marekani kurusha kisahani pale Azusa Pacific, kaachwa kwenye timu ya Olimpiki ya Nigeria ya 1984, akaanza huu mchezo akiwa na miaka 23, na miaka michache baadaye anaongoza ligi nzima. Wewe unamgeuza mtu wa kupewa zawadi! Siku nyingine uwe na adabu na Waafrika wenzio.

Bwana Mizani
Mjomba, shikamoo, lakini usinitie maneno mdomoni. Sijamtukana mtu. Hesabu ni hesabu. Okoye alipewa mpira mara 370 akapata 1,480. Barry alipewa mara 280 akapata 1,470. Mara 90 pungufu! Na siku ya mwisho kule Atlanta, mkesha wa Krismasi, kocha wa Lions wakati ule, Fontes, alimuuliza kama anataka kurudi uwanjani kuzifuata zile yadi 10, Barry akasema tushinde tu twende zetu. Hiyo si kuachia ni nini?

Mjomba wa Kansas
Mara 370 unaileta kama lawama? Hebu kubali kugongwa mara 370 na watu wa kilo 120 kisha uje utuambie. Kocha anakupa mpira mara nyingi kwa sababu anakuamini. Barry angerudi uwanjani siku ile angeweza hata kupoteza yadi tano. Alikuwa bingwa wa kukimbia kinyumenyume huyo, kila mtu anajua.

Chuma Chakavu
Okoye huyuhuyu aliyezimwa na Atwater? Jumatatu usiku, Septemba 1990, Denver. Okoye na kilo zake karibu 118 anakuja mzimamzima, Steve Atwater, beki wa Denver mwenye kilo 98 hivi, anampokea kifuani, jamaa anarudi nyuma. Hadi leo ile klipu inachezwa. Atwater yuko kwenye Jumba la Heshima la mchezo huu pale Canton tangu 2020. Okoye yuko wapi?

Mjomba wa Kansas
Yuko California anakula matunda ya jasho lake, wewe uko kwenye simu unahesabu magongano ya wenzio. Kugongwa mara moja ndiyo maisha yake yote? Wewe si ndiye ulisema kwenye mjadala ule mwingine kwamba Emmitt Smith, yule mkimbiaji wa Dallas Cowboys, alikuwa kwotabeki, yaani mrusha pasi?

Chuma Chakavu
Simu ndiyo ilibadilisha neno. Hoja ya Atwater haijajibiwa.

Mzalendo254
Wazee mnapigania Mnigeria kama amezaliwa Machakos. Kenya nasi tuliwakilishwa bana. Daniel Adongo, kutoka raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts, 2013. Hakuwahi kucheza huu mchezo hata siku moja kabla ya kusaini. Mbona huyo hamumtaji?

Pweza Mkavu
Kwa sababu mada ni wakimbiaji, Adongo alikuwa mkabaji, na mechi alizocheza unaweza kuzihesabu kwa vidole. Ila nyote nawashangaa. Huu nao mchezo? Watu wanakimbia sekunde sita, wanasimama, wanateta, matangazo ya bia, wanarudi. Nilisoma mahali kwamba ndani ya mechi ya saa tatu mpira unatembea dakika kama 11 hivi. Mwenye akili anaangalia Yanga na Simba.

Mzalendo254
Pweza, timu zako zinapiga pasi za nyuma dakika 90 na bado unazilipia kiingilio. Na usimdharau Adongo. Wewe umesaini na nani?

Pweza Mkavu
Nimesaini na TANESCO, bili ya umeme kila mwezi. Endeleeni.

Kinyozi Msomi
Nawarudisha kidogo. Jim Brown wa Cleveland aliondoka 1966 na miaka 30, bado ndiye mkimbiaji bora wa ligi, yuko Uingereza anaigiza filamu. Mwenye timu akatishia kumtoza faini kila siku anayokosa kambi, Brown akasema basi, sirudi. Yadi 12,312 kwa misimu tisa, kiwango cha juu cha zama zake. Leo nani anamwita msaliti? Wanamwita mtu mwenye msimamo. Barry kafanya jambo lilelile, naye yuko Uingereza vilevile, ikawa dhambi. Tofauti ni kwamba Barry hakutoa maelezo, na watu wanachukia ukimya kuliko matusi.

Bwana Mizani
Kinyozi, Jim Brown alikuwa na ubingwa wa 1964 mkononi. Barry ana nini? Tena mnapomtukuza mkumbuke mtoano wa msimu wa 1994 pale Green Bay. Mara 13 na mpira, jumla ya yadi: hasi moja. HASI MOJA. Lions wakafungwa 16-12. Mechi inayohitaji mwanamume ndiyo hiyo, na yeye akarudi nyuma ya alipoanzia.

Kitasa
Ulisoma niliyoandika kuhusu walinzi wa mbele? Unaweza kukimbia kupita kwenye ukuta? Halafu mtu huyohuyo 1997 alianza msimu na yadi 33, mechi ya pili 20, kisha mechi 14 mfululizo hakushuka chini ya 100. Akamaliza na 2,053, akagawana na Brett Favre tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Katika timu ipi? Hiyohiyo Lions.

Mtu wa Bukavu
Mimi niko Grand Rapids, Michigan, tumefika huku na familia kutokea Bukavu. Hapa wazee wa kiwandani wakisikia jina la Barry, wengine bado wanakasirikaka. Lakini kuna kitu hamkisemi.

Novemba 1991, Lions na Rams, Mike Utley, mlinzi wa mbele wa Lions, alivunjika shingo uwanjani. Walimtoa kwa machela, akawaonyesha mashabiki kidole gumba juu, na hajatembea tena kama zamani. Barry alikuwa kwenye timu ile. Sasa ruka hadi Desemba 1997, mechi ya mwisho na Jets, ile ambayo Barry anavuka yadi 2,000. Watu wanakumbuka yadi. Siku ileile, mechi ileile, Reggie Brown, mkabaji wa Lions, aligongwa, akalala chini, pumzi ikakatika. Madaktari wakamfufua palepale kwenye majani, wachezaji wa timu zote mbili wamepiga magoti. Alipona, lakini mpira ndiyo ukaishia hapo, naye alikuwa kijana wa miaka 23.

Mtu ameona hayo mara mbili kwenye uwanja mmoja, na kazi yake ndiyo ya kugongwa kuliko wote. Mnamuuliza kwa nini hakusubiri yadi 1,457?

Chuma Chakavu
Hakusema aliacha kwa sababu ya Utley wala Brown. Tusimwandikie sababu.

Mtu wa Bukavu
Sijasema alisema. Nimesema aliona.

Bwana Mizani
Ndugu wa Bukavu, pole, umeandika vizuri. Lakini wenzake nao waliona, na waliripoti kambini.

Kinyozi Msomi
Na Emmitt Smith aliendelea hadi 2004, akaishia kuvaa jezi ya Arizona. Yadi 18,355, mpira mara 4,409. Barry mara 3,062, yadi 15,269. Wastani wa Barry ni yadi 5.0 kila akipewa mpira, wa Emmitt 4.2. Mwenye rekodi ni yule aliyekaa foleni muda mrefu zaidi.

Baba Cowboys
Nimekaa kimya muda wote, sasa mmenigusa. Foleni? Emmitt ana pete TATU za ubingwa. Oktoba 2002 alimpita Payton mbele ya watu, wala hakujificha London. Msimu wa 1993 alicheza mechi ya mwisho na Giants bega limeteguka, mpira mara 32, hadi muda wa nyongeza, akatoka hapo hospitali. Huyo ndiye mwanamume. Barry wenu akichoka anatafuta mashine ya faksi.

Mjomba wa Kansas
Baba Cowboys, pete tatu alipewa na ule ukuta wa Dallas wa mbele. Mweke Okoye nyuma ya ukuta ule tuone.

Baba Cowboys
Okoye tena?! Jamani huyu mzee anatoka kijiji kimoja na Okoye?

Mama Neema wa Columbus
Samahani wanangu, naingilia. Nimeusoma mjadala wote tangu juu. Mwanangu yuko darasa la tisa hapa Ohio, anakimbia vizuri, kocha kaniletea fomu nisaini acheze huo mpira, tena nafasi hiyohiyo mnayoibishania. Baba yake yuko Goma, tukipigiana simu ananiambia mwache mtoto ajulikane. Mimi naogopa. Naona hapa mnahesabu yadi tu. Hao waliotajwa, magoti yao yako wapi?

Kitasa
Mama, shikamoo. Nitakwambia ukweli. Earl Campbell wa Houston aliingia ligi 1978, mapaja yake yalikuwa yanatisha mabeki. Uzeeni katembelea fimbo na kiti cha magurudumu. Terrell Davis wa Denver alikimbia yadi 2,008 msimu wa 1998, mchezaji bora wa ligi. Mwaka uliofuata goti likachanika, na hakurudi kuwa yule. Kazi yake yote ni misimu saba. Wakimbiaji wanaovuka miaka 30 bado wana kasi ni wachache.

Mzalendo254
Mama usitishwe. Saquon Barkley goti lilichanika 2020 akiwa Giants. Giants wakamwona bei ghali, wakamwacha aende, Eagles wakamchukua 2024. Yadi 2,005 msimu huohuo, na Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2025 akaibeba siku yake ya kuzaliwa akitimiza 28. Dawa za siku hizi si za zamani.

Mama Neema wa Columbus
Asante mwanangu, ila huyo Barkley ni mmoja, na ana madaktari wa timu. Mimi nina bima ya kazini ambayo hata jino inasitasita kulipa.

Bwana Mizani
Mama, mwache acheze. Nidhamu atajifunza. Ndiyo hiyo ninayoisema kuhusu kumaliza ulichoanza.

Kitasa
Bwana Mizani, mtoto wa darasa la tisa hajasaini mkataba wa miaka sita.

Mjomba wa Kansas
Dada yangu, sikiliza. Kama mtoto ana mwili na kasi, mpeleke riadha kwanza. Okoye chuo alisomeshwa na kisahani, shahada anayo, mpira ulikuja baadaye kama nyongeza. Hata magoti yalipomlazimisha kuacha baada ya msimu wa 1992, alikuwa na mahali pa kuanzia.

Mama Neema wa Columbus
Kisahani shuleni kwao kipo, nitauliza. Lakini huyo Davis aliyechanika goti, alikuwa amebeba mpira au anakaba? Kocha kaniambia wanaoumia zaidi ni wakabaji.

Kitasa
Hakuwa na mpira. Pasi ya timu yake ilinaswa na Jets, akamfukuza aliyeinasa, goti likaenda hapohapo. Kwa hiyo kocha hakudanganya, ila hajakumalizia.

Chuma Chakavu
Atwater alikaba misimu 11. Nasema tu.

Mjomba wa Kansas
Mama Neema, huyu ndugu msamehe bure. Nakuandikia pembeni, nina jamaa anayefundisha riadha huko Ohio.