Wenye mishipa ya fahamu iliyoumia tupeane uzoefu: maumivu, matibabu na kufuatilia fidia

Ndala Moja
Wakuu habari za jioni. Leo nimeshuka daladala Mbagala Rangi Tatu nikatembea mpaka karibu na nyumbani ndo mtoto wa jirani ananiambia anti mbona umevaa ndala moja. Kuangalia chini kweli mguu wa kulia uko peku na unatoa damu, kuna kitu kimenichana kisigino na sijasikia chochote. Sio mara ya kwanza ila leo sijui imekuwaje, nimekaa kitandani nimelia.

Kwa wasionijua, nilichomwa sindano ya malaria kalioni mwaka 1996 nikiwa na miaka 6. Mama anasema nilipiga ukelele mmoja, nikashushwa kitandani nikaanguka hapohapo. Wakamwambia ni uoga wa sindano, kesho atatembea. Mpaka leo nikinyanyua mguu unyayo unaning'inia, vidole vinaburuta, inabidi nipandishe goti juu kama mtu anayevuka mtaro. Na pamoja na ganzi yote hiyo usiku kuna umeme unapita toka kalioni mpaka kidole gumba. Watu wananiuliza ganzi na maumivu vinakaaje mguu mmoja, sina jibu. Wenzangu mnaoishi na hii kitu mnatumia nini? Mlihangaika wapi? Kuna aliyewahi kulipwa chochote?

Mama Pacha
Pole sana mdogo wangu. Mimi ni mkono baada ya ajali ya bodaboda, na hilo swali la ganzi na maumivu naulizwa mpaka na mama mkwe.

Msukuma wa Igoma
Nakazia. Ukisema unaumwa wanaangalia hawaoni kidonda, wanaona unajidekeza.

Mzee wa Korona
Nilikuwa napita tu ila hapo kwenye ganzi na maumivu umenirudisha mbali, ngoja niseme.

Nilikuwa kiwanda cha mkonge huku Tanga, upande wa korona, ile mashine inayokwangua majani kutoa singa. Mkanda ukashika mkono wa shati, mkono wa kushoto ukavutwa, mwenzangu akawahi kuzima. Mkono haukukatika, haukuvunjika, na hapo ndo palipoanzia balaa maana ningekatika hata kidole wangenikimbiza. Hospitali ya kwanza wakapiga eksrei wakasema mfupa mzima, wakanifunga kitambaa shingoni, wakanipa dawa za maumivu, vumilia ganzi itaisha. Nikavumilia miezi mitano mkono unaning'inia kama wa kushonewa.

Kuna siku nimekaa jikoni kwangu naongea na binti yangu, mama yake ametenga maharage kwenye jiko la mkaa pembeni yangu. Mtoto akasema baba kuna kitu kinaungua. Mi nikamwambia angalia maharage. Akasema baba sio maharage. Kiwiko changu kilikuwa kimeegemea ukingo wa jiko muda wote huo na nyama imeshaiva. Sikusikia hata joto. Ile harufu wakuu siwezi kuielezea, na mwanangu alikuwa na miaka 9, aliiona yote. Wakati huohuo vidole vya mkono huohuo vilikuwa vinaniwaka kama vimeshikwa na koleo la moto, tena vilikuwa vinawaka hivyo tangu siku ya ajali bila kupumzika.

Nilipofika MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, nikapigwa picha ya MRI ya shingo na kile kipimo cha umeme wa neva (mishipa ya fahamu), nikaambiwa mizizi ya neva imeng'oka kwenye uti wa mgongo. Yaani haikukatikia njiani, imeng'oka kama unavyong'oa mhogo. Nikamwambia daktari basi ukate huu mkono nipumzike, nilikuwa simaanishi utani. Yule daktari akavuta kiti akakaa akaniambia mzee nikikata mkono utaondoka maumivu yatabaki, kwa sababu yanapikwa huku juu kwenye uti, sio huko vidoleni. Nilikaa kimya muda mrefu sana. Ila nilimshukuru maana ndo mara ya kwanza mtu kunieleza ugonjwa wangu.

Mambo ya fidia nitayaeleza baadaye, mkono umeanza kuuma.

Mama Pacha
Mungu wangu. Huyo mtoto.

Kijiti
Aisee nimesoma huku nimeshika kiwiko changu.

Tabibu Asilia
Poleni ila mnapoteza muda na hela hospitali. Neva inafufuliwa kwa kuchua na mafuta ya moto asubuhi na jioni, siku 40 mguu unasimama. Nimesaidia wengi.

Nesi Mstaafu
Mafuta ya moto kwenye kiungo chenye ganzi? Umesoma habari ya jiko hapo juu kweli? Mtu hasikii joto wewe unampaka mafuta ya moto! Nimefunga vidonda vya kuungua vya namna hiyo miaka 31, futa hiyo kauli.

Tabibu Asilia
Nyie manesi ndo mliomchoma sindano huyo dada.

Nesi Mstaafu
Ni kweli makosa hayo yametokea na sitetei. Enzi za klorokwini kabla haijaondolewa 2001 watoto walichomwa makalioni kila homa, na mtoto mwembamba neva kubwa ya mguu iko karibu sana. Tulifundishwa ligawe kalio mara nne, choma robo ya juu kwa nje tu, na mtoto mdogo choma paja kwa mbele upande wa nje. Wapo waliochoma popote. Dada Ndala Moja naomba uniruhusu nikupe pole kama mtu wa kada ile.

Ndala Moja
Ahsante mama. Hakuna aliyewahi kuniambia pole kutoka huko.

Mazoezi Tiba
Naomba niingie kati. Kuchua hakurudishi neva lakini kunyoosha kiungo kila siku kunazuia kukakamaa, kwa hiyo msitupe yote. Neva iliyokatika ikishonwa inaota kama milimita moja kwa siku, kutoka begani mpaka kiganjani piga hesabu karibu miaka miwili. Na misuli haisubiri, ikikaa mwaka hadi mwaka na nusu bila neva inakufa inageuka mafuta. Ndo maana upasuaji wa neva wanautaka ndani ya miezi mitatu mpaka sita. Ukiambiwa vumilia na wiki zinapita hakuna kinachocheza, omba rufaa, usimuonee mtu aibu.

Mama Pacha
Kwa mazoezi mimi natumia pacha wangu, jioni mmoja ananinyoosha vidole mmoja anahesabu hadi ishirini. Wanagombania zamu. Mwenye watoto wachokozi awape kazi hiyo.

Sukari Miaka 12
Hata sisi wa kisukari tunaruhusiwa? Miguu usiku kama nimekanyaga majivu ya moto. Kila jioni naweka kioo chini naangalia nyayo, na viatu nakung'uta kabla ya kuvaa. Kuna siku nilishinda na msumari ndani ya kiatu.

Msukuma wa Igoma
Tuzungumzie dawa. Mimi nilipewa amitriptilini, nikasoma kikaratasi cha ndani kinasema ni ya sonona, nikazitupa nikiamini daktari ananiona mwehu. Miezi minane nimeteseka bure mpaka mfamasia mmoja wa Mwanza akanielewesha kwamba kwa dozi ndogo inatuliza neva. Panadoli haigusi haya maumivu, msijiumize.

Kijiti
Mi pregabalini, dawa nyingine ya neva, ilinilaza mpaka nikapitiliza kituo mara mbili. Ila usingizi wenyewe nilikuwa nauhitaji.

Nesi Mstaafu
Msiache ghafla na msiazimane. Zinapandishwa taratibu na kushushwa taratibu.

Mzee wa Korona
Nimerudi. Fidia sasa.

Karani wa kiwandani aliniambia upone kwanza ndo tujaze fomu. Mimi nikamuamini, nikawa nasubiri kupona. Mwezi wa 11 nimekutana na aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi sokoni Korogwe, akauliza faili lako WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, limefikia wapi, nikamwambia bado sijapona. Akaniacha na vitunguu vyake pale akaenda kunitafutia pikipiki. Nilibakiza siku 19 tu kutimiza mwaka tangu ajali.

Karani wa Mishahara
Hapo ndo pa kusikiliza jamani. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ni ya 2008 na mfuko ulianza kazi 2015. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue ajali. Na ajali isipofikishwa kwa mwajiri au mfuko ndani ya miezi 12 haki inapotea. Hausubiri kupona. Ukiwa nje ya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara, ukomo miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukipimwa asilimia 30 kushuka chini unapewa mkupuo, ukizidi 30 ni pensheni kila mwezi.

Kijiti
Hiyo ni kama mwajiri anachangia mfuko. Asipochangia umeumia.

Karani wa Mishahara
Sio kweli na hiyo kauli imewapotezea wengi. Kutochangia ni kosa lake, yeye atashughulikiwa, haki yako iko palepale. Ila ni Bara tu, Zanzibar wana utaratibu wao.

Pwani Mombasa
Huku kwetu Kenya sheria ya fidia ya kuumia kazini ni WIBA ya 2007. Ukibaki na ulemavu wa kudumu hesabu yaanzia mapato ya miezi 96, kisha yapigwa na asilimia uliyopewa na daktari. Ugomvi wote uko kwenye hiyo asilimia. Neva haionekani kwa eksrei, hakikisha daktari ameandika mkono hauwezi kufanya nini: kufunga kifungo, kubeba ndoo, kushika kisu.

Mzee wa Korona
Sahihi kabisa ndugu yangu. Mbele ya madaktari usijikaze kiume. Mara ya kwanza niliulizwa unaendeleaje nikajibu tunamshukuru Mungu, nikaandikiwa naendelea vizuri. Mara ya pili nilienda na binti yangu, akawaeleza habari ya jiko. Walinipa zaidi ya asilimia 30, napokea kila mwezi. Haitoshi ila ada yake inalipika.

Kijana wa Buguruni
Wakuu samahani, mimi mashine ya plastiki ilinibana kifundo cha mkono, vidole viwili havisikii. Bosi alilipa matibabu ya kwanza akasema yaishe. Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka jana mwishoni. Nimechelewa?

Karani wa Mishahara
Leo ni mwezi wa pili. Hujachelewa ila usilale. Kesho asubuhi, kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Beba karatasi za hospitali na salary slip.

Mzee wa Korona
Kijana nenda. Wakikuzungusha kiwandani nenda mfukoni mwenyewe. Na uandike hapa umefika.

Kijana wa Buguruni
Sawa mzee, shikamoo.

Mazoezi Tiba
Dada Ndala Moja tusikusahau. Neva yako ya tangu 1996 hairudi, sikudanganyi. Lakini kuna upasuaji wa kuhamisha kano, kano inayofanya kazi inahamishiwa juu ya unyayo ivute vidole. Umewasaidia sana waliopata ukoma, na hauna ukomo wa miaka kama neva. Ulizia kwa madaktari wa mifupa. Wakati unasubiri uwe na ile brace ya plastiki inayoshika kisigino na unyayo, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi kinafundisha mafundi wake, na hospitali kubwa wanao.

Ndala Moja
Miaka yote hii hakuna aliyenitajia habari ya kano. Nimeandika kwenye karatasi. Brace niliwahi kuwa nayo ikapasuka. Tatizo lake ni viatu, kulia nahitaji 41 ili iingie, kushoto 39. Soko la Karume nanunua jozi mbili natupa nusu.

Mama wa Keko
Dada mimi ni mguu wa kushoto. Kushoto 41, kulia 39. Zile nusu usizitupe, niandikie pembeni.