Re: Simu za nyumbani na upelelezi wa wakubwa

Bi Somoe, Mtwara:
Ndugu zangu, mwanangu anasoma Hamburg, Ujerumani. Anataka picha ya kitambulisho changu cha NIDA na taarifa ya benki ya pesa za korosho, aongezewe kibali cha kuishi. Lakini ananikataza kutuma kwa WhatsApp, eti huko hata wakubwa wanadukuliwa. Kweli? Na mimi wa Chikongola wanitakie nini?

Bakari, Berlin:
Shikamoo mama. Ni kweli. Oktoba 2013 ilifichuka kuwa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lililenga simu ya Angela Merkel, aliyekuwa Kansela, yaani kiongozi wa serikali ya Ujerumani. Alikasirika, akasema hadharani marafiki hawapelelezani. Julai 2014 Ujerumani ikamtaka mkuu wa CIA, shirika jingine la ujasusi la Marekani, hapa Berlin aondoke. Mwaka 2015 ikabainika BND, majasusi wa Ujerumani wenyewe, nao walizipeleleza nchi rafiki! Iliniuma kuona simu ya kiongozi mmoja inapigiwa kelele kuliko simu zetu tunaopiga nyumbani kila Jumapili.

Waliotutetea ni waandishi wa habari, wengi wao wa nje ya Ujerumani. Walikwenda mahakamani, na Mei 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kuwa BND inabanwa na katiba hata inapomsikiliza mgeni aliye nje ya nchi. Kwa hiyo mama, hata hapo Chikongola ulipo, siri ya mazungumzo yako inalindwa na katiba ya huku. Mwambie mwanao ajue hilo.

Kuhusu picha: ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa msimbo toka simu yako hadi yake, wa njiani hausomi kirahisi. Mtumie yeye peke yake, usiweke kwenye kundi la ukoo. Akishaipokea, futa kotekote, hata kwenye galari. Simu ikiharibika, fundi wa sokoni anaifungua na kukuta kila kitu humo. Huyo namhofia kuliko NSA.

Zuhura, Copenhagen:
Shikamoo Bi Somoe. Huku nako Mei 2021 televisheni ya umma ya hapa Denmark, DR, ilitangaza kuwa ujasusi wa kijeshi wa Denmark uliisaidia NSA kupitia nyaya za intaneti za hapa kuwapeleleza viongozi wa Ujerumani, Ufaransa, Sweden na Norway. Rais Macron wa Ufaransa alisema haikubaliki kati ya washirika.

Naongeza moja: meseji za kawaida na simu ya laini hazina ulinzi kama huo wa WhatsApp. Namba ya siri ya benki usiitaje humo, hata akikuomba mwanao mwenyewe.

Bi Somoe, Mtwara:
Marahaba wanangu. Kwenye kundi la ukoo nilishaiweka tangu juzi. Naifuta sasa hivi, na wengine nawapigia waifute.